Kusuka ukili na kuuza kwa simu: jinsi kipaji cha mkono kinavyogeuka biashara

Wasikilizaji wengi wanaopenda kazi za mikono huuliza swali moja: mimi nasuka vikapu na mikeka, watu wanavisifu, na simu ninayo. Je, naweza kupata riziki ya kweli kwa kuuza mtandaoni? Jibu ni ndiyo, lakini kuna hesabu ya kufanya kwanza. Katika makala hii tunaieleza hesabu hiyo, kisha tunapitia picha, oda, malipo, usafirishaji na mambo ya kisheria. Tumetumia mfano wa kazi ya ukili nchini Tanzania. Anayefinyanga vyungu, anayechonga, anayeshona batiki au anayefuma kwa uzi anaweza kufuata njia hiyohiyo.

Kazi yenyewe na thamani yake

Katika pwani na visiwani, ukindu na miyaa hukatwa, huanikwa juani, huchanwa, hutiwa rangi kwenye maji yanayochemka, kisha husukwa kuwa ukili mrefu. Ukili huo ndio unaoshonwa kuwa mkeka, kikapu au kofia. Iringa, akina mama wa Kihehe wanasifika kwa vikapu vya milulu. Kwa majirani zetu wa Kenya, Wakamba na Wakikuyu wanajulikana kwa kiondo, ambacho kwa asili husukwa kwa nyuzi, zikiwemo za mkonge.

Kazi hizi zote zina jambo moja linalofanana: malighafi mara nyingi ni ya bei nafuu, lakini saa za kazi ni nyingi. Msusi hasara yake huipata hapo. Fedha aliyonunulia rangi anaikumbuka, lakini jioni tano alizokaa barazani akisuka hazihesabu, kwa sababu alikuwa akifanya kitu anachokipenda.

Hesabu ya kikapu kimoja

Tuchukue mfano. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo weka zako mwenyewe.

Ukindu shilingi 3,500, rangi 1,000, uzi na vishikio 2,500. Jumla ya vifaa ni shilingi 7,000. Kikapu kinachukua saa 12 za kazi, tuseme saa nne kwa siku tatu.

Mfanyabiashara anayepita kijijini anakinunua kwa shilingi 10,000. Ukitoa vifaa, unabaki na 3,000. Gawa kwa saa 12: kila saa umelipwa shilingi 250.

Sasa linganisha na kibarua. Kama kwenu palizi hulipwa shilingi 6,000 kwa saa sita, kila saa ni shilingi 1,000. Maana yake, aliyeshika jembe kwa saa 12 amepata mara nne ya ulichopata wewe mwenye ufundi wa miaka mingi.

Tujaribu bei inayolipa saa zako kama za kibarua. Vifaa 7,000, kazi 12,000, bando 500, nauli ya kupeleka mzigo stendi 1,500, na gharama ya kutoa pesa kwa wakala tuseme 1,000. Jumla ni shilingi 22,000. Ukiongeza faida ya 3,000 ya kununulia vifaa vya oda ijayo, bei ni shilingi 25,000, na nauli ya mzigo wenyewe analipa mteja.

Je, wateja wakikubali 18,000 tu? Ukitoa vifaa 7,000 na gharama nyingine 3,000, unabaki na 8,000 kwa saa 12, yaani karibu shilingi 670 kwa saa. Bado ni bora kuliko 250, na hapo uamuzi ni wako. Unaweza kukubali, unaweza kusuka kikapu kidogo zaidi, au unaweza kuchagua mapambo yanayochukua saa chache. La kuepuka ni kuweka bei bila kujua saa yako inalipwa kiasi gani.

Tusimwone mnunuzi wa kijijini kuwa adui. Yeye hununua vingi kwa mara moja, hulipa taslimu siku hiyohiyo, na vikikaa dukani bila kununuliwa hasara ni yake. Ukiuza kwa simu, kazi hizo zote unazichukua wewe. Wasusi wengi hufaidika kwa kuwa na njia zote mbili: vikapu vya kawaida kwa mnunuzi wa jumla, na vile vizuri zaidi kwa wateja wa simu.

Simu inabadilisha nini?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kilichofichwa ndani ya nyumba kijijini hakijiuzi, kwa sababu hakuna anayekiona. Kazi ya simu ni kukionyesha kwa mtu wa Dodoma, Mwanza au Zanzibar ambaye hatafika kwenu.

Huhitaji tovuti ili kuanza. WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hupakuliwa bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa zako pamoja na picha, bei na maelezo. Mteja akiuliza una nini, unamtumia orodha hiyo badala ya picha ishirini zilizotawanyika. Facebook na Instagram husaidia kupata watu wasiokujua, ila video hula bando haraka. Kwa anayeanza, WhatsApp na picha nzuri vinatosha.

Wateja wa kwanza mara nyingi ni watu wanaokufahamu: mtoto wa jirani anayefanya kazi mjini, mwalimu aliyehamishwa, binti wa shangazi mwenye duka. Waombe waweke picha zako kwenye status zao. Kwenye makundi ya ukoo, kanisa au msikiti, omba ruhusa ya msimamizi kwanza, na usitume picha kila siku hadi watu wakachoka.

Picha inayouza

Mteja wa mbali hawezi kushika kikapu wala kukipima. Picha ndiyo mkono wake. Piga asubuhi au alasiri, nje, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Jua la saa sita hubadilisha rangi, na taa ya ndani huifanya iwe ya njano. Weka kikapu mbele ya ukuta mtupu au kitambaa cha rangi moja. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi.

Piga picha tatu: kikapu kizima, ndani yake, na ukingo kwa karibu ili ushonaji uonekane. Pima kwa tepu ya fundi cherehani na uandike upana na kimo kwa sentimita. Kikapu kinachoonekana kikubwa kwenye picha kikifika kidogo, mteja atahisi ametapeliwa hata kama hukukusudia.

Usitumie picha ya kazi ya mtu mwingine. Mteja ataagiza alichokiona, na wewe hutaweza kukileta.

Oda na ahadi

Jambo linaloua biashara nyingi za namna hii ni ahadi iliyozidi uwezo. Ukisuka kikapu kimoja kwa siku tatu, kwa mwezi unaweza kutoa vikapu vinane hadi kumi, kama hakuna msiba, ugonjwa wala kazi ya shamba. Mtu akiagiza hamsini vya harusi wiki ijayo, mwambie ukweli.

Kumbuka pia majira. Wakati wa mvua ukindu haukauki vizuri, na ukili wenye unyevu huota ukungu ukiwa safarini. Kama unaweza, kausha akiba ya malighafi wakati wa kiangazi. Ukitaja siku za kukamilisha kazi, ongeza chache juu yake. Mteja aliyeambiwa siku kumi akapata kwa siku nane hufurahi, na aliyeambiwa siku tano akapata kwa siku nane hukasirika, ingawa kikapu ni kilekile.

Oda kubwa hufanywa na kikundi. Hapo mkubaliane mambo matatu kabla ya kuanza: kipimo kimoja kwa wote, mtu mmoja wa kukagua kila kikapu kabla ya kufungwa, na malipo kwa idadi ya vikapu vilivyopita ukaguzi. Kikapu kimoja kilichoshonwa ovyo kinaweza kurudisha mzigo mzima.

Malipo na matapeli

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mteja anaweza kulipa kwa mtandao wowote alionao. Kwa kazi ya kuagiza, omba nusu ya fedha kabla ya kuanza na nusu iliyobaki kabla ya kutuma mzigo. Kwa njia hiyo, akighairi hutabaki umepoteza fedha ya vifaa.

Usitume mzigo kwa kuamini meseji peke yake. Matapeli hutengeneza ujumbe unaofanana na wa muamala halisi. Fungua menyu ya mtandao wako, angalia salio, hakikisha fedha imeingia. Akikupigia mtu akisema amekosea kutuma na anataka umrudishie, usitume chochote. Wasiliana na huduma kwa wateja wa mtandao wako. Namba ya siri usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Ujumbe wa utapeli, kama ule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, unaweza kuripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040.

Ni vyema kuwa na laini moja ya biashara tu. Fedha ya vikapu ikichanganyika na ya chumvi na ada za shule, hutajua kama unapata au unapoteza.

Kufikisha mzigo

Njia inayotumika zaidi ni basi. Funga kikapu kwenye nailoni ili kisilowe, kisha kwenye kiroba. Andika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na mji anakopokelea. Kabidhi mzigo ofisi ya basi na upewe risiti. Piga picha ya mzigo na risiti, umtumie mteja pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Mzigo ukichelewa au ukipotea, picha hizo ndizo ushahidi wenu. Shirika la Posta nalo hupokea vifurushi vya ndani na vya nje ya nchi.

Kuuza ng'ambo kunawezekana, lakini anza na ndani. Kabla ya kujiunga na soko lolote la mtandaoni la nje, chunguza mambo mawili: kama linawalipa wauzaji walioko nchini kwako, na gharama ya kutuma kifurushi kimoja ni kiasi gani. Kikapu ni chepesi lakini kinakula nafasi.

Karatasi za biashara

Biashara ikianza kusimama, irasimishe. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na TRA. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, na leseni huulizwa halmashauri. Ukiwa na hati hizi, hoteli au duka kubwa linaweza kuingia mkataba nawe. Ushauri kuhusu ubora na ufungashaji unaweza kuupata SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi mikoani.

Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ndiye wa kuanza kumwuliza. Hata hivyo, mkopo bila riba ni deni bado. Kopeni mkiwa na oda na hesabu mkononi.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, jina la mteja, bei, fedha uliyopokea, vifaa ulivyonunua, na saa ulizofanya kazi. Mwisho wa mwezi, jumlisha. Baada ya miezi mitatu utaona ni kikapu gani kinalipa, ni rangi gani inaulizwa zaidi, na ni mteja gani anarudi.

Katika miezi hiyo usiache shamba wala kazi inayokulisha. Biashara hii hukua polepole, na oda zinaweza kukatika mwezi mzima. Kama daftari linaonyesha saa yako inalipa zaidi ya kibarua kwa msimu mzima, hapo ongeza saa za kusuka. Kama halionyeshi hivyo, badili bei, badili kikapu au badili wateja kabla ya kuongeza kazi.

Wa kuanza leo hahitaji mtaji mkubwa. Suka kikapu kimoja kwa namna unayojua vizuri kuliko zote, na kila unapokaa kusuka, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Kikiisha, jumlisha saa zako na fedha ya vifaa, na upate bei yako kabla hujampa yeyote picha.