Ngazi ya alumini na waya wa umeme ni ndugu

Hebu inua macho uangalie waya wa umeme unaopita juu ya mtaa wenu. Mara nyingi ni wa alumini. Sasa shusha macho kwenye ngazi ya fundi rangi: alumini pia. Umeona hatari ilipo?

Kwa maelfu ya miaka ngazi ilikuwa mti tu. Ni nzito, huoza, mchwa huila, lakini ikiwa kavu haipitishi umeme kirahisi. Alumini ilijulikana tangu karne ya 19, ila bei yake haikushikika. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua njia ya kuitenga kwa umeme. Bei ikaporomoka, na baadaye metali hii, yenye uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, ikafika kwenye ngazi. Yaani umeme uliotupa ngazi nyepesi ndio huohuo unaoweza kumuua anayeibeba.

Jibu likatoka kwenye kioo. Miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza nyuzi za kioo kwa wingi. Zikishikanishwa kwa resini tunapata faibaglasi: haiozi, na ikiwa safi na kavu haipitishi umeme. Tatizo ni nzito na ghali kuliko alumini, ndiyo maana wengi wanaiacha dukani.

Basi kabla hujauliza bei, jiulize juu ya kazi yako kuna nini. Unapaka ukuta wa ndani, mbali na nyaya? Alumini inatosha. Kuna umeme karibu? Lipia faibaglasi, na bado usiusogelee waya.