Wiski ya Nyeri, Sheria ya Nani?

Krismasi niliwaita mabeste kwetu Nyeri tuonje wiski. Chupa nne, glasi ndogo, maji kando. Wote watu wazima, na mwenye gari analala hapa hapa. Dakika kumi tu, kila mtu amekuwa mjuaji: "Hii ina moshi." "Hii ina asali."

Guka akacheka. "Enzi ya mkoloni, Mwafrika kunywa wiski ilikuwa kuvunja sheria."

Sasa cheki. Eric Sherbrooke Walker, mzungu aliyejenga hoteli ya Outspan hapa mjini na kufungua Treetops mwaka 1932, aliwahi kuingiza pombe ya magendo Marekani ilipokuwa marufuku kule. Hata aliandika kitabu kuhusu biashara hiyo, kwa jina bandia. Yeye alivunja sheria ya pombe ng'ambo, akaja huku akawa bwana mkubwa. Mzee wa Nyeri akishikwa na chupa, ni kesi.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo historia ya wiski ya kusimulia mezani, si ya Scotland pekee.

Raundi ya mwisho, Guka alitumiminia muratina yake ya asali. Wajuaji wote kimya. Glasi zikarudi kuongezwa.