Burundi: Mboga za msimu, chungu cha nyumbani na afya ya mtoto

Mvua zinaporejea mwezi Septemba, masoko ya Bujumbura huanza kubadilika baada ya wiki chache. Lengalenga na majani ya maboga hutangulia. Baadaye hufuata maharage mabichi, kisha mahindi ya kuchoma. Mnunuzi anayeufahamu utaratibu huo hurudi nyumbani na kikapu kizito kwa fedha kidogo. Asiyeufahamu hulipia bei kubwa mboga ambayo msimu wake umepita.

Suala hili si la bei peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016-2017 ulionesha kuwa takribani asilimia 56 ya watoto wa Burundi wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao ulivyostahili. Kudumaa hakusababishwi na tumbo tupu tu. Mtoto anaweza kushiba ugali wa muhogo kila siku na bado akakosa protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A. Kuhara kwa mara kwa mara nako humpotezea hata kile kidogo alichokula. Kwa hiyo swali la mpishi si kiasi gani cha chakula kimo chunguni tu, bali pia ni nini kimechanganywa na nini.

Misimu mitatu ya shamba

Wakulima wa Burundi huugawa mwaka katika misimu mitatu. Msimu A, uitwao Agatasi kwa Kirundi, huanza na mvua za Septemba, na mavuno yake hupatikana kati ya Desemba na Februari. Msimu B, yaani Impeshi, hupandwa Februari na Machi na kuvunwa karibu na Juni. Msimu C ni wa kiangazi, ambapo hulimwa mabonde yenye maji baada ya mvua kukatika.

Mahali nako kuna nafasi yake. Nyanda za juu za Mugamba zina baridi na hufaa viazi mviringo. Uwanda wa Imbo, ulio chini na wenye joto, hutoa mpunga, muhogo na nyanya, na michikichi hustawi sana upande wa Rumonge. Mazao ya sehemu hizi zote hukutana katika masoko ya mji, kama vile Ruvumera mtaani Buyenzi. Ndiyo sababu sahani moja ya Bujumbura inaweza kubeba mlima na ziwa kwa pamoja.

Lengalenga na sombe

Lengalenga, ambayo Kigoma huitwa mchicha, ni mboga ya mvua. Huota upesi na inafaa kuchumwa ikiwa changa. Ioshwe kabla ya kukatwa, kwa maana vitamini nyingi hupotelea katika maji inapokatwa kwanza. Ipikwe kwa maji kidogo na kwa dakika chache, mpaka ilegee ikiwa bado ya kijani. Kijiko kimoja au viwili vya mawese vinatosha kwa chungu cha familia. Mafuta huusaidia mwili kupokea vitamini A, na mawese mekundu yenyewe yana lishe hiyo. Kuyamimina kwa wingi hakuongezi faida, na huuzidishia moyo mzigo.

Sombe, au kisamvu kwa Watanzania, huhitaji subira zaidi. Majani ya muhogo yana sumu ambayo hupungua yakitwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mwanzoni chungu kiachwe wazi ili mvuke utoke. Yasionjwe mabichi. Yakishaiva ndipo huongezwa kitunguu, nyanya chungu, mawese na, kwa anayeweza, karanga zilizosagwa. Karanga hizo hutia protini katika mlo ambao mara nyingi hauna nyama. Muhogo mchungu wenyewe nao ulowekwe na kukaushwa ipasavyo kabla ya kuwa unga. Kufupisha kazi hiyo wakati wa njaa kumewadhuru watu katika nchi mbalimbali za Afrika.

Maharage, mabichi na makavu

Maharage ndiyo tegemeo la protini kwa kaya nyingi. Yakiwa mabichi, kabla ya mavuno makuu, hayahitaji kulowekwa na huiva upesi, hivyo huokoa makaa. Huliwa vizuri pamoja na ndizi za kupika, na wakati huohuo majani machanga ya maharage hupikwa kama mboga.

Maharage makavu yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe. Kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya moto kupunguzwa, kwa sababu maharage yasiyoiva, hasa mekundu, huumiza tumbo. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yalainike, kwani uchachu huyafanya yachelewe kuiva.

Hata hivyo, uchachu huo una kazi kubwa mezani. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na majani hayapokelewi na mwili kwa urahisi. Vitamini C ya ndimu, chungwa, papai au nyanya mbichi huongeza kiasi kinachopokelewa. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, kwa hiyo ni vema zinywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Ushauri huu unawahusu zaidi wajawazito, ambao hupungukiwa damu kwa urahisi.

Ndagala hufuata mwezi

Samaki nao wana msimu wao. Ndagala wa Ziwa Tanganyika, ambao ng'ambo ya Tanzania huitwa dagaa, huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauonekani sana majini, samaki hupungua na bei hupanda. Mnunuzi mwangalifu huweka akiba ya ndagala wakavu katika usiku wa giza.

Ndagala huliwa mzima pamoja na mifupa, na hivyo huleta protini na kalisi. Wakavu waoshwe zaidi ya mara moja ili mchanga utoke, na wenye chumvi walowekwe kwanza. Wakikaangwa bila mafuta na kusagwa, hugeuka unga ambao kijiko chake kimoja hutosha kuuongezea nguvu uji wa mtoto.

Kiangazi kinapoingia

Kuanzia Juni majani hupungua sokoni, ila mabonde huendelea kutoa kabichi, vitunguu na viazi. Kaya iliyokausha majani ya kunde au lengalenga wakati wa wingi huvuka kipindi hiki kwa nafuu. Majani hutiwa katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, huchujwa, kisha hutandazwa kivulini chini ya kitambaa chepesi. Jua kali huyakausha upesi, lakini huharibu vitamini A. Gunia lililojazwa udongo na kupandwa mboga kandoni mwa jiko nalo hutosha kwa kaya isiyo na shamba, na maji yaliyooshea mboga yanaweza kulinywesha.

Mlo wa siku

Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, bila kuhesabu viazi na muhogo. Kiasi hicho kinaweza kukaribiwa kwa vyakula vya kawaida:

- Asubuhi: uji wa ulezi au mahindi wenye karanga zilizosagwa, na kipande cha papai.
- Mchana: ndizi kwa maharage, lengalenga na nusu ya parachichi, ndimu ikamuliwe juu ya maharage.
- Jioni: viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyo na vitamini A nyingi, pamoja na ndagala katika mchuzi wa nyanya na kitunguu.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, ikijumuishwa ile iliyomo katika samaki wakavu.

Sahani ya mdogo kuliko wote

Mtoto mchanga hunyonya maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Baada ya hapo huendelea kunyonya huku akianzishiwa chakula laini. Uji mwepesi wa unga peke yake humjaza maji tumboni. Unafaa uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko, uchanganywe na unga wa ndagala au maharage yaliyopondwa, na uongezwe majani yaliyokatwa kabisa na mafuta kidogo. Mtoto apewe sahani yake mwenyewe, kwa kuwa katika sinia la pamoja mkono mdogo huchelewa na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Mikono ya anayemlisha ioshwe kwa sabuni.

Mtoto aliyekonda ghafla, aliyevimba miguu au anayekataa kula apelekwe katika kituo cha afya siku hiyohiyo. Hali hiyo haisubiri mavuno, na haitibiwi kwa chungu cha nyumbani peke yake.