Nyumba Yenye Magurudumu

Kobe hutembea na nyumba yake mgongoni na hakuna anayemwonea wivu. Binadamu akifanya hivyo hivyo tunakimbilia kumtazama. Mimi mwenyewe nilikimbilia. Siku moja nilikuwa napekua vitabu vikuukuu kwa muuzaji mmoja pale Posta, Dar es Salaam, nikakuta jarida la Kimarekani lisilo na jalada. Ndani mlikuwa na picha ya gari kubwa kama basi. Baba ameshika usukani, mama anakaanga mayai, watoto wawili wanacheza karata mezani, na nje ya dirisha inaonekana milima. Gari lenye jiko, vitanda na choo! Nililinunua jarida lile kwa nauli yangu ya kurudia, nikaenda Temeke kwa miguu, riwaya nzima ikiwa kichwani.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya familia inayovuka Marekani kutoka bahari moja hadi nyingine ndani ya gari-nyumba. Niliandika sura tatu nikakwama. Wahusika wangu walikuwa wanakula, wanalala, wanatazama milima, basi. Mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne alizisoma zote tatu, akanirudishia daftari na kuuliza, "Sasa hawa watu wako wanakwenda wapi? Na wamekimbia nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nikaiweka riwaya kando, nikaanza kusoma historia ya safari zenyewe. Niliyoyakuta si yale niliyoyategemea.

Nianze na walionacho. Mwaka 1915 mji wa San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, ulikuwa na maonyesho makubwa ya kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama mwaka uliotangulia. Wenye pesa wa mashariki walikwenda kwa treni. Tajiri mmoja, Roland Conklin, aliyekuwa na kampuni ya kutengeneza mabasi, aliona treni haitoshi. Akaamuru litengenezwe basi la familia yake. Lilikuwa na urefu wa futi 25 na uzito wa tani 8. Ndani mlikuwa na jiko kamili, taa za umeme wa jenereta lao wenyewe, vitanda kama vya behewa la treni, santuri, na kabati la vitabu lililofichwa ukutani. Na juu ya paa, ukipenda usipende, palikuwa na bustani! Mwezi wa Agosti wakaondoka kwao Huntington, jimbo la New York, wakaelekea magharibi.

Usidhani barabara zilikuwa za lami. Barabara kuu ya kwanza ya kuunganisha New York na San Francisco, Lincoln Highway, ilikuwa imetangazwa mwaka 1913 tu. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 5,400, na sehemu kubwa ilikuwa barabara kwa jina: udongo mtupu, na mvua ikinyesha, tope. Mtu wa kwanza kuivuka nchi ile kwa gari, daktari Horatio Nelson Jackson, alitumia siku 63 mwaka 1903. Sasa lifikirie gari la tani 8 kwenye tope hilo. Siwezi kusema akina Conklin hawakuwa na moyo.

Lakini kuna jambo moja. Siku yoyote wangechoka, Huntington palikuwa na jumba lao linawasubiri. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hao ngama yao ilikuwapo, tena ina watumishi. Waliacha nyumba kwa starehe, wakalala ndani ya nyumba nyingine, wakijua ya kwanza haiendi popote. Ndiyo maana sura zangu tatu zilikosa chumvi. Nilikuwa nawaandika akina Conklin bila kujua.

Miaka ishirini baadaye barabara zikajaa nyumba nyingine zenye magurudumu, ila hizi hazikuwa na bustani juu. Katika nyanda za Oklahoma, Kansas, Texas na majirani zao, wakulima walikuwa wamelima majani yote yaliyoshika udongo ili wapande ngano. Ukaja ukame wa miaka ya 1930. Udongo usio na mizizi ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika nchi mpaka mchana ukawa usiku, na Wamarekani mpaka leo wanaiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Tena vumbi halikuwa peke yake. Bei ya pamba ilianguka, mabenki yakachukua mashamba, na wenye ardhi wakanunua matrekta na kuwatoa wapangaji waliokuwa wakilima kwa mikono na wanyama.

Basi watu wakapakia. Walichukua gari bovu walilokuwa nalo, wakafunga magodoro juu ya paa, wakaning'iniza sufuria ubavuni, wakamketisha bibi katikati ya mabunda, wakashika barabara namba 66. Barabara hiyo iliyozaliwa mwaka 1926 ilitoka Chicago hadi Los Angeles, kilometa kama 3,900. Mchana walisafiri, jioni walipika kando ya njia, usiku walilala mle mle au chini ya turubai. Si ni kitu kile kile cha kwenye picha yangu? Jiko lipo, kitanda kipo, familia ipo, milima ipo. Kilichopungua ni ngama ya kurudia.

Na mbele je? Mwezi wa Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, alipeleka askari 136 kwenye mipaka ya jimbo la California kuwarudisha wageni wasio na pesa. Tafadhali msomaji, usipite haraka hapo. Wengi wa waliorudishwa walikuwa Wamarekani weupe, ndani ya Marekani, wanatoka jimbo moja kwenda jingine. Kosa lao lilikuwa mfuko mtupu. Askari mpakani haangalii godoro lako juu ya paa akasema, "Loo, hawa wako kwenye utalii." Anajua.

Katika yote niliyoyasoma, kilichonigusa kuliko vyote ni kesi ya mtu mmoja aitwaye Fred Edwards, mkazi wa Marysville, California. Desemba 1939 aliendesha gari lake hadi Spur, Texas, kumchukua shemeji yake Frank Duncan, kaka wa mke wake, aliyekuwa hana kazi. Waliondoka Spur tarehe 1 Januari 1940, wakaingia California tarehe 3, wakafika nyumbani tarehe 5. Duncan alianza safari na dola kama 20. Walipofika, zilikuwa zimekwisha zote. Edwards akashitakiwa. Palikuwa na sheria ya California iliyosema ni kosa kumleta mtu fukara ndani ya jimbo. Akahukumiwa kifungo cha miezi sita, kilichoahirishwa.

Jamani! Kumpokea shemeji? Huku kwetu shemeji akija na dola 20, au bila hata senti, unamtandikia mkeka sebuleni na asubuhi mnagawana chai. Edwards alifanya kile ambacho kaka yangu au wako angefanya. Alikata rufaa, na tarehe 24 Novemba 1941 Mahakama Kuu ya nchi yote iliitupa sheria ile. Majaji wote walikubaliana kwamba jimbo haliwezi kumfungia mtu mpaka kwa sababu ni maskini. Kwa hiyo uhuru wa barabara ambao Wamarekani wanausifu leo haukuletwa na basi lenye bustani peke yake. Umeletwa pia na mtu aliyekwenda kumchukua shemeji yake kwa gari dogo.

Hata hivyo uhuru huo haukuwa wa wote. Familia ya Wamarekani weusi ingeweza kuwa na gari jipya na pesa mfukoni, ikafika mji fulani jua likizama, na kila hoteli ikasema imejaa. Walikuwa wanabeba chakula na mablanketi, na wengi walilala garini kwa kukosa mlango wa kuwafungukia. Mwaka 1936 tarishi mmoja wa Harlem, New York, jina lake Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kijitabu chenye orodha ya nyumba, hoteli na gereji zinazowapokea. Kiliendelea kutolewa mpaka miaka ya 1960, wakati sheria ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo wa mahoteli na mikahawa. Kijitabu cha tarishi! Sisi tunaotaka kuandika tukumbuke kwamba kuna maandishi yaliyomfanya mtu alale salama, na wala hayakuwa riwaya.

Sasa nirudi kwenye lile gari la kwenye jarida langu. Ubavuni liliandikwa Winnebago. Kiwanda chake kiko Forest City, mji mdogo wa jimbo la Iowa, na kilianza kutengeneza magari-nyumba mwaka 1966. Kiliyauza kwa bei nafuu kuliko wenzake, mpaka watu wengi wakaanza kuita kila gari la namna hiyo kwa jina hilo. Wilaya ya Forest City inaitwa Winnebago, nayo imepata jina kwa taifa la wenyeji wa Marekani ambalo majirani waliliita hivyo. Wenyewe hujiita Ho-Chunk.

Nikawasoma Ho-Chunk, nikaliweka jarida chini. Kwao ni Wisconsin. Kwa mikataba ya miaka ya 1829, 1832 na 1837 walinyang'anywa ardhi yao, wakahamishiwa Iowa. Kutoka Iowa wakapelekwa katikati ya Minnesota, kisha kusini ya Minnesota. Mwaka 1863 wakaswagwa tena hadi Crow Creek, katika Dakota, mahali pakavu ambapo mamia walikufa. Waliobaki wengi wakatoroka kwa mitumbwi kwenye mto Missouri hadi Nebraska, wakapewa ardhi huko mwaka 1865. Wengine walirudi Wisconsin, wakakamatwa, wakapelekwa, wakarudi tena kwa miguu, mpaka serikali ikachoka. Wapo huko hadi leo. Taifa lililohamishwa mara kadhaa bila kupenda, jina lake limebandikwa kwenye gari la watu wanaohama kwa kupenda.

Dingi yangu naye aliwahi kutuhamisha. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, tunakaa Tanga, na kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilikuwa kimefungwa. Tulipanda nyuma ya lori: kitanda kimefunguliwa mbao mbao, godoro, ndoo, kuku watatu ndani ya tenga, na sisi watoto juu ya mzigo. Tukapita Segera, tukapita Chalinze, upepo unatupiga, sisi tunaimba. Tulidhani ni matembezi. Sikumbuki hata mara moja kutazama uso wa mama.

Ninachokumbuka ni mawe. Asubuhi ile mama alibeba mafiga yake matatu, meusi ya masizi, akayapandisha lorini. Dingi akacheka, "Mama watoto, mawe hata Dar yapo." Mama hakucheka. Akajibu, "Baba watoto, haya yananijua," akalipandisha la tatu.

Mafiga hayo yako uani kwetu Temeke mpaka sasa. Zile sura tatu nimezichana. Nimeanza upya juzi, na familia yangu bado inavuka Marekani, lakini sasa iko barabara namba 66 na mwaka ni 1936. Mshikaji wangu amesoma ukurasa wa kwanza. Safari hii hakuuliza wanakimbia nini. Aliuliza kama askari wa mpakani watawaruhusu wapite.