Ulikaji: Neno la Bolti na Mabati

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kitale na Bungoma, mteja anayetaka bolti za kufungia reli za ngazi huulizia "zisizoshika kutu". Muuzaji humwelewa. Hata hivyo, kutu tunayoijua ni ya chuma, ule unga wa rangi ya kahawia. Alumini na zinki hazitoi unga huo, nazo huharibika vilevile. Kwa jambo zima la metali kuharibiwa na maji, hewa au kemikali, napendekeza ulikaji. Kitenzi chake tunacho tayari: soli hulika, sabuni hulika.

Kabla ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kufungwa mwaka 2009, wakazi wa Webuye, kaunti ya Bungoma, walilalamika kwa miaka mingi kwamba mabati yao yanaoza mapema. Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Gesi za salfa kutoka kiwandani zikikutana na unyevu hufanya asidi, asidi huimaliza zinki, ndipo kutu hutokea. Kumbe bati lilianza kulika zamani, likiwa bado jeupe.

Neno hili huzaa mengine. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja hulika upesi na nyingine husalimika; huo ni ulikaji wa galvani. Chukua reli ya stenlesi, yaani chuma chenye kromi kisichoshika kutu upesi, iliyofungwa kwa bolti za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki. Reli ni kubwa, bolti ni ndogo, na madhara yote huziangukia bolti. Mvua ya Trans Nzoia, ulipo mji wa Kitale, inatosha. Hatari yake ni kwamba reli hubaki ikimeta, na watu huendelea kuiegemea.

Ulikaji wa mwanya ni wa kificho zaidi. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromi, ambao ukikwaruzwa hujiponya kwa oksijeni. Chini ya kichwa cha skrubu, kwenye tundu lenye maji yaliyotuama, oksijeni huisha na utando hukosa cha kujiponyea. Ndiyo maana reli za mashua ya tanga, zinazorushiwa maji ya chumvi kutwa, hufungwa kwa stenlesi ya 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, na matundu yake huzibwa vizuri maji yasipenye. Kwa ngazi ya Kitale, mbali na bahari, stenlesi ya 304 inatosha.

Wapo wanaoiita stenlesi chuma cha pua. Siafiki. Pua ni chuma kigumu cha visu na patasi, nacho hushika kutu. Sifa ya stenlesi hutokana na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na hilo neno pua halilisemi. Afadhali tuandike stenlesi, kama mafundi wanavyotamka.

Mafundi wengi huipima kwa sumaku: isiponasa, wananunua. Kipimo hicho hakitoshi. Stenlesi ya 201, ambayo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi, kwa kawaida hainasi sumaku, na bado hulika mapema kuliko 304. Tazama alama juu ya kichwa cha bolti: A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. Isiyo na alama yoyote, usiifungie reli ambayo mtoto au mzee ataishika.