Vyombo vya Mawe vya Hyrax Hill
Baadhi ya sahani na bakuli za wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa zilikuwa za mawe, zilizochongwa kwa mkono. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba makaburi ya Hyrax Hill, katika bonde hilo, mwaka 1937, alizikuta kando ya wanawake. Wanaume walizikwa mikono mitupu.

Kwenye pango la Mto Njoro, katika bonde hilohilo, maiti zilichomwa takriban miaka 3,000 iliyopita. Huko bakuli, mchi na jiwe la kusagia viliwaandama wanaume kwa wanawake. Kilipatikana pia chombo cha mti chenye nakshi: moto uliokiunguza ndio uliokihifadhi. Vingine vya mti, ambavyo bila shaka vilikuwa vingi, vimeoza.