Simba Mwenda Kimya wa Njia ya Tabora

Mwaka 2000 kampuni ya Monolith ya Marekani ilitoa gemu la kompyuta liitwalo No One Lives Forever, kisa cha Cate Archer, mpelelezi wa kike wa miaka ya 1960. Gemu hilo lilipata sifa kwa vifaa vyake vya vichekesho: rangi ya mdomo inayolipuka, manukato yenye gesi ya usingizi, kibanio cha nywele kinachofungua kufuli. Lakini utamu wake mkubwa ni kujibanza nyuma ya ukuta na kuwasikiliza walinzi wakipiga soga na kulalamikia kazi, huku adui yao yu hatua chache tu kutoka walipo. Kicheko kinamwangukia mwenye nguvu aliyejiamini mno. Katika njia ya misafara ya Unyamwezi kicheko hicho kiligharimu roho za watu, na historia yake inatuonyesha kwamba washindi wa vita vya huko walishinda kwa kujua mapema kuliko kwa wingi wa bunduki.

Ushahidi wa kwanza ni wa Agosti 1871. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameibana njia iendayo Ujiji, na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakaamua kumfuata kwake. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajiunga nao. Jeshi lao lilizidi watu 2,000, likaenda waziwazi na bendera zake. Boma la Wilyankuru lilitekwa upesi na kikosi kilichoongozwa na Saud bin Sayd, kwa kuwa Mirambo na watu wake waliondoka wakati wavamizi wanaingia. Washindi wakajitwika pembe za ndovu, wakafunga mateka, wakashika njia ya kurudi. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walikuwa wamelala kwenye nyasi, kushoto na kulia. Saud aliuawa pamoja na wenzake wengi, na waliosalia wakatawanyika.

Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo akaja Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wa huko, alitoka kumkabili na watu wachache. Rugaruga wakajifanya wanarudi nyuma polepole, naye akawafuata. Kisha wakageuka kwa pamoja, na hakurudi hai. Mtu anaweza kunaswa mara moja kwa bahati mbaya. Mtego ukifaulu mara mbili katika mwezi mmoja, aliyeutega alikuwa anamsoma adui yake. Anayevizia lazima ajue msafara utapita wapi, lini, na umeelemewa na nini. Habari hizo hazikuwa adimu katika nchi ambayo wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, waliolala katika kila kambi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na kuongea lugha moja na wenyeji wa Unyamwezi. Misafara iliajiri mabega yao ikasahau kwamba wana masikio.

Kuna watakaosema kwamba Mirambo alishinda kwa magobore na baruti tu. Bunduki alikuwa nazo, hilo halina ubishi. Lakini Waarabu nao walikuwa nazo, na pwani iliyoingiza baruti ilikuwa upande wao, kwa hiyo bunduki peke yake haielezi kwa nini mmoja alishinda. Wengine watasema simulizi yenyewe ni ya Stanley, mtu wa upande ulioshindwa, aliyekuwa na sababu ya kumkuza adui. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, anayejitetea husingizia wingi wa maadui au usaliti wa wenzake. Haoni fahari kukiri kwamba jeshi lake lilipita katikati ya nyasi zenye watu bila kuchungulia.

Pingamizi zito zaidi linatokana na Wajerumani waliokuja baadaye kuitawala nchi: ujanja wa nyasi ungefaa nini mbele ya mizinga? Tabora inaelekea kulitia nguvu pingamizi hilo, kwa sababu Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alizingirwa ndani ya boma lake na askari wa Tom von Prince, akajilipua kwa baruti yake mwenyewe. Ila tutazame Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki, walikivizia kikosi cha Mjerumani Zelewski kikiwa njiani na kukivunja pamoja na mizinga yake. Mkwawa huyohuyo alipojifungia Kalenga, ngome hiyo ya mawe ilitekwa Oktoba 1894. Mzinga hupiga kilichosimama pale unapoelekezwa. Kuta za Isike zilikuwa imara, lakini zilimwonyesha adui mahali pa kulenga.

Tusimfanye Mirambo shujaa wa gemu. Rugaruga waliogopwa na vijiji vingi visivyokuwa na ugomvi na Tabora, na waliotekwa walilia vilevile, awe mtekaji ni Mwarabu au Mnyamwezi. Njia yake pia ilikuwa na mpaka. Alifariki Desemba 1884, na baada yake Urambo haikudumu kuwa dola kubwa. Elimu iliyomshinda Khamis ilikaa kichwani mwa mtu mmoja na katika utii aliopewa yeye, na hakuna mrithi aliyeweza kukabidhiwa elimu hiyo kama funguo za ghala.